Je, wajua kwa nini ukikandwa unapata nafuu hapohapo wakati jeraha bado liko vilevile?

Umeteguka enka (kifundo cha mguu), umeingia kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, unachechemea huku umeshika ukuta, kakukanda kama robo saa hivi, kavuta kidogo huku, kabonyeza kule, unashuka kitandani unakanyaga chini unakuta maumivu yamepungua sana. Unatoka pale unasimulia watu kwamba mshipa ulikuwa umeruka, karudisha mahali pake. Sasa hivi ndani ya ule mguu kimebadilika nini kwa hiyo robo saa?

Kwenye jeraha lenyewe, karibu hakuna kitu. Mguu ukipinda kwa ndani, mara nyingi kinachoumia ni ligamenti (utepe unaofunga mfupa na mfupa) moja fupi ya upande wa nje wa kifundo, na nyuzi zake zilizochanika asubuhi jioni bado zimechanika, mana hakuna kidole cha mtu kinachoshona nyuzi. Wala hakuna mshipa ulioruka ukarudi. Kifundo kikitoka kweli mahali pake hata hutamfikiria fizio, utakuwa unapiga kelele unakimbizwa hospitali.

Kilichobadilika ni taarifa zinazofika kichwani. Ukijigonga ugoko kwenye meza usiku, kitu cha kwanza unafanya nini? Unajisugua. Hakuna aliyekufundisha, hata mtoto mdogo anafanya hivo hivo, na inasaidia kweli. Mwaka 1965 watafiti wawili, Ronald Melzack wa Canada na Patrick Wall wa Uingereza, walitoa maelezo yao: ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, taarifa za maumivu na za mguso zote zinapita hapo kwenda kwenye ubongo, na zile za mguso zikiwa nyingi zinalibana lango hivyo za maumivu zinapita kidogo. Neva za mguso zina kasi pia, zinasafirisha taarifa kwa mita 30 hadi 70 kwa sekunde, wakati zile nyembamba zinazoleta maumivu ya kuuma polepole hazizidi mita 2. Baadaye ikaonekana mambo ni magumu zaidi ya hilo lango, lakini wazo lenyewe limebaki. Ongeza na ubongo, ambao ukishaona uko mikononi mwa mtu anayejua anachofanya, wenyewe unashusha sauti ya maumivu kutoka juu, msuli uliokuwa umekaza kujilinda unalegea, mguu unakunjika zaidi ya ulivyokuwa unakunjika dakika tano zilizopita. Kwa hiyo nafuu ni ya kweli kabisa, hujajidanganya, ila haidumu sana, masaa au siku moja mbili, afu maumivu yanarudi na wewe unasema fizio gani huyu.

Na ile habari ya kwamba mikono inayeyusha makovu na kulainisha utando unaofunika misuli? Mwaka 2008 kuna watafiti walipiga hesabu za nguvu inayohitajika kuubadilisha umbo utando mgumu wa pajani na ule wa chini ya unyayo hata kwa asilimia 1 tu, wakakuta nguvu hiyo mikono ya binadamu haina. Sawa na ile ya kwamba kukandwa kunatoa asidi ya laktiki kwenye misuli baada ya mazoezi, mwili unaiondoa wenyewe ndani ya kama saa moja, na yale maumivu ya kesho yake na keshokutwa wala hayatokani nayo.

Haya, kama mikono haiponyi nyuzi, nini kinaponya? Muda na mzigo. Siku chache za mwanzo ni uvimbe, joto na wekundu, wengi wanauchukia huo uvimbe lakini ndo mafundi wa mwili wamefika site kusafisha. Gabe Mirkin, yule daktari wa Marekani ambaye mwaka 1978 alieneza ule ushauri wa kupumzika, barafu, bandeji na kuinua mguu, miaka mingi baadaye alikuja kusema mwenyewe kwamba barafu nyingi inaweza hata kuchelewesha uponaji (kupunguza maumivu inapunguza, hapo sina ugomvi). Baadaye kwa wiki kadhaa mwili unamwaga kolajeni mpya (nyuzi za protini za kuziba palipochanika), lakini inamwagwa ovyo ovyo kama nywele za mtu aliyetoka kulala, na ni dhaifu. Kuichana ikalala upande mmoja kunahitaji kuivuta kidogo kidogo kwa kutumia kiungo chenyewe, yaani kukanyaga, kusimama, kuinua kisigino, na kazi hiyo inaweza kwenda miezi hadi mwaka na zaidi. Anayelala na mguu juu ya mto wiki sita anapata kovu lililopona, sawa, ila halijawahi kuonja kazi.

Hapa kuna kisa nakipenda. Daktari mmoja wa Sweden, Håkan Alfredson, alikuwa na tendoni ya kisigino (kamba inayounganisha msuli wa kigimbi na kisigino) inamsumbua miaka, na inasimuliwa kwamba akaomba apasuliwe akakataliwa, basi akaamua kuifanyisha kazi ngumu makusudi ili ikatike kabisa wamfanyie operesheni, na badala ya kukatika ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakatoa matokeo ya wakimbiaji 15 waliopewa mazoezi hayo: kushusha kisigino polepole kwenye ngazi mara 180 kwa siku, kwa wiki 12, na wote 15 walirudi kukimbia.

Basi mikono ya fizio kazi yake iko hapo katikati. Inakufungulia dirisha dogo la nafuu, na fizio mzuri analitumia dirisha hilohilo kukusimamisha ufanye mazoezi kabla halijafungwa. Ukiwa unakandwa tu kila wiki miezi mitatu, hujapewa hata zoezi moja la kwenda kufanya nyumbani, mi naona hapo unalipia dirisha hupiti.

Kuna wakati kukandwa ni hatari kabisa. Siku mbili tatu za mwanzo usikubali mtu akugandamize pale penye jeraha, hasa paja lililopigwa teke likavilia damu, ukilikanda kwa nguvu damu ile inaweza kugeuka mfupa ndani ya msuli, na hapo sitanii. Kigimbi kilichovimba upande mmoja, kina joto na kinauma bila kuumizwa, hicho kinaweza kuwa na damu iliyoganda, nenda hospitali usikiguse. Na enka, kabla ya yote, kuna kipimo madaktari wa Ottawa huko Canada walikitoa mwaka 1992: kama huwezi kupiga hatua nne, au ukibonyezwa kwenye mfupa wenyewe upande wa nyuma na nchani mwa kifundo unaruka, eksirei kwanza.

Kitu kingine ambacho mikono haikirudishi ni hisia ya kiungo. Ndani ya ligamenti kuna vihisio vinavyoambia ubongo mguu uko wapi hata umefumba macho, navyo vinaumia pamoja na nyuzi, ndo mana unakuta mtu maumivu yalishaisha lakini anateguka mguu uleule mara ya tatu, ya nne, kwenye sakafu tambarare kabisa. Jaribu tu, simama karibu na ukuta kwa mguu ulioteguka mwaka jana, fumba macho, hesabu sekunde. Halafu badilisha mguu.