Kipa wa kike kafungwa juu? Angalia miguu kwanza

Jumamosi tena. Binti kapigwa shuti la mbali, limeingia chini ya mtambaa panya, na kabla mpira haujarudi kati jamaa mmoja nyuma ya goli ashasema "mfupi huyo, wanawake wangepunguziwa goli." Tangu nianze kufundisha makipa wa kike sijawahi kumaliza mwezi bila kulisikia neno hili na leo limenifika hapa, acha niandike.

Goli ni mita 7.32 kwa 2.44, wanaume na wanawake sawa. Sikatai urefu unasaidia, sana tu kwenye krosi na kona, na kipa wa kike kwa kawaida ni mfupi kuliko wa kiume. Ila hakuna kipa duniani anayelifunika goli lote akiwa amesimama, kila mmoja lazima aufuate mpira, na safari hiyo inaanzia miguuni.

Jioni nikakaa na video niliyorekodi kwa simu, nikaisimamisha pale mguu wa straika unapougusa mpira. Kipa wetu, binti wa miaka 16, miguu yote miwili iko hewani! Alikuwa anarudi golini kwa vihatua vya kurukaruka na shuti likamkuta hukohuko juu. Sasa mtu aliye hewani hana pa kusukumia, lazima atue kwanza ndo asukume, na akitua mpira ushapita. Halafu alitua kwa visigino, na ukiruka kutoka kwenye visigino unaenda nyuma badala ya juu, kwa hiyo hata huo urefu alionao haukumsaidia. Vidole vyake vilifika palepale mpira ulipopita, nimerudia mara kadhaa kuhakikisha, vilichelewa tu. Aliye nyuma ya goli anaona mkono haujafika, miguu haangalii, basi anasema mfupi.

Dawa yake ni kutua kabla tu straika hajapiga, miguu upana wa mabega, uzito mbele. Kuiandika ni rahisi. Kuna mabinti wanatua sawa toka siku ya kwanza bila mimi kusema kitu, na kuna wengine nimekaa nao misimu miwili na bado wanakutwa hewani, na kwa kweli sijui tofauti inatoka wapi. Nimejaribu kupiga makofi, nimejaribu kuhesabu kwa sauti, kwingine inasaidia, kwingine inaharibu kabisa.

Ninachokijua ni kwamba wengi wanaanza kuwekwa golini wakiwa wakubwa tayari na hawana kocha wa makipa. Timu moja niliyopita, makipa walikuwa wanaitwa dakika 15 za mwisho ili mastraika wapige mashuti, na hiyo ndo ikaitwa mazoezi ya makipa. Mtoto unamgeuza ukuta halafu unamlaumu urefu?

Mchukueni Nadine Angerer, kipa wa Ujerumani. Aliichezea timu ya taifa mara ya kwanza 1996 kisha akakaa miaka na miaka benchi nyuma ya Silke Rottenberg, mpaka Rottenberg alipoumia goti ndo akaenda Kombe la Dunia 2007 kama kipa namba moja, ana miaka 28. Mechi sita, dakika 540, hakufungwa hata goli moja, na fainali kule Shanghai alipangua penati ya Marta, yule straika wa Brazil, matokeo yakiwa 1-0. Fainali ya Euro 2013 dhidi ya Norway akapangua penati mbili, ana miaka 34, na ndo mwaka huo akachaguliwa mchezaji bora wa kike wa dunia. Ana kama mita 1.75. Mary Earps, kipa wa England aliyeipangua penati ya Jenni Hermoso wa Hispania kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2023, ni 1.73. Hawa mbona hawakupunguziwa goli?

Kipa anaiva taratibu jamani, ndo maana naumia kuona binti wa miaka 17 anaachwa kwa sababu ya goli moja la juu.

Kwenye penati zenyewe sina uhakika nifundishe nini. Mpira wa kasi ya kilomita 100 kwa saa unamaliza zile mita 11 kwa kama sekunde 0.4, ukisubiri uuone umechelewa, ukiwahi straika anakusoma anaweka upande mwingine. Mi nawaambia wasubiri, ila mechi mbili tulizoshinda kwa penati kipa wangu aliwahi zote.

Jumatatu nimempigia yule binti mashuti 30, nikamwambia asidake hata moja, atue tu. Mwanzoni alikasirika mipira ikimpita. Kwenye kama la 20 nikaanza kuusikia mlio, miguu yote miwili inagonga vumbi kwa pamoja, halafu ndo kiatu changu kinagusa mpira. Alhamisi tunarudia, na safari hii atadaka.