Kwa nini dalali wa nyumba hulipwa kodi ya mwezi mzima?

Ukipanga nyumba Dar es Salaam kupitia dalali, mara nyingi utatoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Kwa nyumba ya laki tatu kwa mwezi, hiyo ni 1,800,000 kwa mwenye nyumba na 300,000 kwa mtu aliyekupeleka tu hadi mlangoni. Wengi huitoa kwa uchungu.

Lakini hulipii kupelekwa mlangoni. Mwenye nyumba wa Tabata au Sinza hana haja ya kutangaza kwamba mpangaji wake anahama mwisho wa mwezi. Anamdokezea dalali wa mtaani, naye anawapigia wenzake, na kabla chumba hakijafagiliwa watu wameshaanza kuja kukiona. Habari hiyo ndiyo bidhaa ya dalali. Hata nyumba unazoziona mtandaoni, nyingi zimewekwa na madalali walewale. Tena dalali hana mshahara: anaweza kuzunguka na wateja wiki nzima, kila mmoja akaondoka na "nitakujulisha", na yeye akabaki na hela ndogo ya kuzungushwa. Anayechukua nyumba ndiye anayelipia na siku za wale waliokwenda zao.

Mbona asilipe mwenye nyumba? Kwa sababu mitaa hiyo wapangaji ni wengi kuliko nyumba, na mwenye shida ndiye anayetoa. Marekani mazoea yalikuwa kinyume: muuzaji wa nyumba alikatwa kama asilimia 5 hadi 6, zikagawanywa kati ya wakala wake na wakala wa mnunuzi. Wauzaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2024 chama cha mawakala wa huko, NAR, kikakubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni. Sasa mnunuzi husaini kwanza mkataba na wakala wake, unaosema atamlipa kiasi gani.

Je, laki tatu ile inalipa? Inategemea utakaa muda gani. Ukihama baada ya miezi sita, dalali amekuongezea 50,000 kila mwezi. Ukikaa miaka miwili, ni 12,500 tu, na kwa mgeni asiyejua mtaa upi unajaa maji masika, mimi naona ni bei ya haki.

Kwenye kiwanja sioni hivyo. Tuseme dalali amekubaliwa asilimia 10 na kiwanja kinauzwa milioni 10. Ukikishusha hadi milioni 9, wewe umeokoa milioni nzima, yeye amepoteza laki moja. Hana sababu ya kukupigania bei. Na mara nyingine kuna cha juu: mwenye kiwanja ametaka milioni 8, dalali anakutajia 10, tofauti ni yake, na asilimia anadai vilevile. Ndiyo maana usikubali kufunga bei kabla hujakaa na mwenye mali mwenyewe, ana kwa ana.

Kubwa zaidi ni kwamba asilimia hiyo hainunui uhakika wowote. Kiwanja kikija kuonekana kimeuzwa kwa watu wawili, dalali ameshakula chake na simu haipokelewi. Kazi ya kuhakikisha ni yako: kama kina hati, omba upekuzi kwa msajili wa hati, kama hakina, nenda serikali ya mtaa na uwaulize majirani wanaopakana nacho, kila upande. Na kama ni nyumba wanayoishi mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla haijauzwa. Mke asipoonekana siku ya makubaliano, hela isitoke mfukoni hadi naye asaini.