Umbo la yai halikuambii kama ni jogoo au tetea

Wafugaji wengi huchambua mayai kabla ya kuyaatamisha: yenye ncha huachwa kwa kuwa eti yatatoa majogoo, ya mviringo huwekwa wakitarajia mitetea. Imani hii ni ya siku nyingi, na inawapotezea watu mayai mazuri kabisa.

Jinsia ya kifaranga hutoka kwa mama. Tetea ana kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) mbili tofauti za jinsia, Z na W. Jogoo ana Z mbili. Kiini chenye W hutoa tetea, chenye Z hutoa jogoo, na hilo huwa limekwisha kuamuliwa kabla ute na gamba havijakizunguka. Gamba linapoanza kujengwa, jinsia ipo tayari. Ndiyo maana kuku anayetaga mayai ya umbo moja bado huangua wa kike na wa kiume. Joto la mashine ya kutotolesha nalo halibadilishi jinsia; hayo ni ya mamba na kasa.

Anayetaka mitetea tu aagize vifaranga waliokwisha kutenganishwa. Kwa kuku wa mayai kama ISA Brown kazi ni rahisi: siku ya kuanguliwa jike ni wa kahawia, dume ni wa manjano hafifu. Ukitotolesha kienyeji nyumbani, tarajia karibu nusu majogoo na upange banda hivyo.

Umbo lina kazi nyingine: yai refu mno au la duara kabisa huanguliwa kwa shida. Chagua la wastani, safi, lisilo na ufa, lisilozidi siku 7 tangu litagwe.