Bei Nayo Ni Kipimo: Kuwafundisha Mabinti Kubuni Mashine

Ukisema shuleni kwamba wasichana wafundishwe ujasiriamali, mara nyingi zitaletwa ndoo za sabuni ya maji na vitambaa vya batiki. Sina ugomvi na sabuni, mimi mwenyewe nanunua. Lakini binti aliyechagua fizikia kwa sababu anautaka uhandisi anahitaji biashara itakayomrudisha karakana, si ya kumtoa humo.

Huku kwetu Mtwara pa kuanzia hapatafutwi. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, ndiyo maana wanaobangua kwa mkono hujipaka majivu au mafuta ya kula viganjani kabla ya kuanza kazi. Kuna mabinti niliowafundisha waliounda kibangulio cha kukanyaga kwa mguu. Kilipendeza, rangi ya buluu, na walikipima kwa saa: korosho ngapi kwa dakika. Tukakipakia kwenye bajaji mpaka kwa kina mama wabanguaji. Mkubwa wao akaitikia shikamoo zao, akatazama kidogo, kisha akazoa zilizopasuliwa na kuzitandaza kwenye ungo.

“Wanangu, nzima ngapi hapa?”

Hakuna aliyekuwa amehesabu. Karibu nusu vilikuwa vipande. Tena chombo chetu kilimtaka mtu asimame, na kina mama wote walikuwa mkekani, miguu wameinyoosha, mmoja ananyonyesha huku anabangua.

Kosa lile lilikuwa langu. Niliwapeleka kwenye chuma kabla sijawapeleka mkekani.

Sokoni korosho nzima ina bei na kipande kina bei yake, ya chini. Daraja la W320 maana yake ni korosho nzima 300 hadi 320 katika paundi moja, takribani gramu 454. Kwa hiyo mashine inayokwenda mbio huku inavunja inamtia hasara anayeitumia, hata kama mwalimu ameipa alama zote.

Siku hizi ziara ya kwanza haina mchoro. Binti anakaa, anabangua na wenyeji wake, anahesabu nzima na vipande, anauliza mgongo unauma saa ngapi. Akirudi anaunda kwa boksi na mabaki ya mbao, vitu visivyouma kuvitupa. Hapo ndipo uhandisi unapoanza kunoga. Anagundua kwamba korosho hazilingani: nafasi ya kisu inayofaa ndogo itaponda kubwa. Je, abuni kisu kinachorekebishika, au chekeche la kuzipanga kwanza? Chekeche ni rahisi zaidi na linaweza kuuzwa peke yake. Anagundua pia kwamba ganda lililopitishwa kwenye mvuke hupasuka vizuri kuliko bichi, basi huenda tatizo halikuwa kisu.

Bei nataka iandikwe kwenye mchoro uleule, kando ya milimita. Tuseme kibangulio kitauzwa shilingi 120,000, na kinamwongezea mama kilo mbili za korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa, kwa siku, kila kilo akilipwa 1,000. Atafanya kazi siku 60 ndipo fedha yake irudi. Je, korosho ghafi alizonazo zitatosha siku 60? Zikitosha 40 tu, bei ishuke hadi 80,000, na binti arudi mezani kupunguza chuma. Au kina mama wanunue kimoja kwa kikundi. Vikundi vya wanawake vinaweza kuomba mkopo usio na riba halmashauri, kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake.

Wazazi huniuliza kuhusu kuibiwa wazo. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichobuni, kwa Tanzania Bara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na hutolewa kwa kitu kipya. Basi aulize huko kabla hajakipanga mezani kwenye maonesho ya wakulima ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, si baada ya kupigwa picha na kila mpita njia.

Swali la mwisho ninalolidai kwenye karatasi ndilo wengi huliacha wazi: kisu kikikatika Tandahimba katikati ya msimu, nani atakitengeneza? Binti mmoja alikuwa amechora kisu cha chuma cha kuagiza Dar es Salaam. Nilimrudishia. Wiki iliyofuata alikuja na kingine, kilichokatwa kwenye springi kuukuu ya gari, kitu ambacho fundi yeyote mwenye jiwe la kunolea anaweza kukiiga.