Picha iliyoganda ni hatari kuliko skrini nyeusi

Malalamiko kuhusu kamera za nyuma za magari yanazidi kutufikia, na mengi huja na kauli ileile: "Mara inaonyesha, mara haionyeshi, lakini si neno, vioo vipo." Samahani, ni neno. Kioo cha pembeni hakimwoni mtoto aliyechuchumaa nyuma ya bampa.

Nchini Marekani sharti la kamera lilitokana na sheria ya mwaka 2008 yenye jina la Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka 2 aliyegongwa na gari la baba yake likirudi nyuma. Tangu Mei 1, 2018 kila gari jipya la uzito usiofika kilo 4,536 lazima liwe na kamera inayoonyesha eneo la upana wa mita 3 na urefu wa mita 6 hivi, na picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuingiza rivasi. Kwa hiyo kasoro hapo si ya starehe kama ya redio, na ndiyo maana watengenezaji hulazimika kuyaita magari yarudi kurekebishwa.

Lenzi yenyewe huharibika mara chache. Angalia waya. Kwenye magari mengi unapita penye bawaba za buti, na kila buti likifunguliwa unakunjwa, likifungwa unakunjuka. Siku zinavyopita ganda hupasuka, na picha huanza kucheza kabla ya kupotea kabisa. Desemba 2021 Tesla iliita Model 3 zipatazo 356,000 kwa tatizo la aina hiyo. Kwingine waya ni mzima, programu ndiyo mbovu: Mei 2025 Ford iliita magari zaidi ya milioni 1 kwa sababu picha ingeweza kuchelewa, kuganda au kutotokea.

Kuganda ndiko kunakotutisha zaidi. Skrini nyeusi inakufanya ugeuze shingo. Picha iliyoganda inakuonyesha uwanja mtupu wa dakika iliyopita, nawe unaamini.

Kupima ni rahisi. Zima injini, vuta breki ya mkono, funga gurudumu kwa kigingi. Washa umeme wa gari bila kuwasha injini, ingiza rivasi, uhesabu sekunde. Mwenzako asimame pembeni ya gari, nje ya njia yake, apunge fagio nyuma ya bampa. Fagio lisipocheza kwenye skrini, picha imeganda. Rudia mara kadhaa, maana hitilafu hizi hujificha. (Futa lenzi kwanza. Wapo waliotuandikia kurasa mbili juu ya tope.)

Kisha chukua namba ya chesisi, uiingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa kutafuta wito wa usalama, yaani tangazo la kuyaita magari yenye kasoro yarudi kurekebishwa. Tumia namba yote, si jina la gari na mwaka tu, kwa kuwa magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na programu tofauti. Gari lililotengenezwa kwa soko la nchi nyingine huenda lisionekane humo. Hapo muulize mtengenezaji kwa maandishi.

Tunarudia, kwa mara ya kumi sasa: kuitwa si kunyang'anywa gari. Marekani matengenezo hayo ni bure kwa miaka 15 tangu gari liuzwe kwa mnunuzi wa kwanza, hata kama limepita mikononi mwa watu watatu. Mtengenezaji akishabaini kasoro ya usalama ana siku 5 za kazi kuiarifu mamlaka ya usalama barabarani, na siku 60 baada ya taarifa hiyo kuwaandikia wamiliki. Barua hiyo huenda kwa anwani iliyosajiliwa. Ukihama bila kuibadilisha, usiseme hukuambiwa. Anayechelewa hutozwa. Novemba 2024 Ford ilikubali adhabu ya hadi dola milioni 165, ikiwemo milioni 65 za kulipwa mara moja, kwa kuchelewa kuita magari yenye kamera mbovu na kutotoa taarifa kamili.

Ukienda kwa fundi wako ukabadilisha kamera, wito haufungwi; kwenye kumbukumbu gari bado lina deni la matengenezo. Wakala aliyeidhinishwa ndiye anayeufunga. Kama ulilipia kabla ya wito kutangazwa, risiti yenye tarehe, namba ya chesisi na kazi iliyofanyika ndiyo ya kudaia fedha zako. Karatasi iliyoandikwa "kamera, waya" tu hukataliwa.