Uzito wa neno "probably"

Miongoni mwa vielezi vya Kiingereza vinavyohusu bahati na uwezekano, kile ninachokiona kikifasiriwa kwa pupa zaidi ni "probably", ambacho wafasiri wengi hukiandika "labda" bila kusita. "Labda" haliegemei upande wowote. Anayesema "It will probably rain" amekwisha kupima dalili na kuamua kwamba mvua ina nafasi kubwa ya kunyesha kuliko kutonyesha, ilhali anayetumia "perhaps" au "maybe" hajajifunga kwa lolote. Ndiyo maana mimi huandika "yaelekea" au, panapohitajika uzito zaidi, "kuna uwezekano mkubwa kwamba".

Uwezekano huo ni mkubwa kiasi gani? Swali hilo lilimsumbua Sherman Kent, mchambuzi wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, baada ya tathmini ya mwaka 1951 kusema kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia lilikuwa "serious possibility". Yeye alikusudia takriban asilimia 65, lakini alipowauliza wenzake walioidhinisha maneno hayohayo, aligundua kwamba makadirio yao yalianzia asilimia 20 na kufika 80. Katika makala yake ya mwaka 1964 alipendekeza "probable" liwe na maana ya asilimia 75, kwa kupanda au kushuka kama 12 hivi. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, nalo hufuata utaratibu wa namna hiyo: "likely" katika ripoti zake ni asilimia 66 au zaidi, na "very likely" ni 90 au zaidi. Mfasiri wa ripoti hizo akiandika "huenda" kotekote, amefuta hesabu yote, na kwa maoni yangu hilo ni kosa la maana, wala si la mtindo tu.

Kuhusu mahali pake katika sentensi, kielezi hiki hufuata kitenzi kisaidizi, "she will probably come", lakini katika ukanushi uliofupishwa hutangulia: "she probably won't come".

Yapo pia matumizi yasiyohusu uwezekano hata kidogo. "You should probably see a doctor" ni ushauri uliolainishwa kwa adabu, na hapo tafsiri inayofaa ni "ingekuwa vyema umwone daktari".