Mawazo, kausha damu na ile amani ya Wafilipi 4

Mimi ni mchungaji na nimesomea pia ushauri nasaha, na hapa Dodoma mwezi wa pili ndo watu wananijia wengi kuliko miezi mingine. Januari ada na sare zimelipwa kwa mkopo, mvua imekata katikati mahindi yananyauka, na marejesho ya kikundi hayamsubiri mtu.

Kuna mama mmoja anauza mboga (nabadilisha mambo kidogo asijulikane), alichukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa mno, akachukua ya pili kulipia ya kwanza, ya tatu ndo usiseme. Alikaa mbele yangu simu kaifunika mapajani, kila ikitetemeka na yeye anashtuka mabega yote. Akaniambia, "Baba mchungaji, nimeomba mpaka nimechoka, amani siipati." Nikamuuliza unaombaje mama? Akasema namwomba Mungu aniondolee mawazo, basi.

Sasa hapo ndo penyewe. Paulo anawaandikia Wafilipi akiwa kwenye minyororo, hana uhakika kama ataishi au atakufa, lakini hawaambii waombe mawazo yaondoke, anawaambia haja zenu na zijulikane na Mungu. Haja, yaani kitu chenyewe kwa jina lake. Tukachukua daftari tukaandika nani anadai, shilingi ngapi, lini. Ikatoka milioni moja na laki mbili. Ni hela nyingi kwa muuza mboga, lakini kichwani kwake lilikuwa deni lisilo na mwisho na pale kwenye karatasi lilikuwa na mwisho. Tukaliombea mstari kwa mstari, tukashukuru pia kwa vile alivyokuwa navyo, maana Paulo kaweka shukrani humohumo ndani ya ombi.

Halafu kuna lile neno "itawahifadhi", pale Paulo anapoendelea kusema amani ya Mungu itawahifadhi mioyo yenu. Kwenye Kigiriki ni neno la kijeshi, la askari aliye lindo, na Filipi ulikuwa koloni la Roma, mji waliopewa wanajeshi wastaafu wakae, kwahiyo walilielewa vizuri. Sisi wa huku tuna dungu, kile kichanja cha juu cha kulindia shamba. Aliyekulia Ugogo anajua uwele ukianza kukomaa lazima mtu apande dunguni alfajiri na kombeo lake, akae mpaka jioni, ndege kwelea wanakuja makundi kwa makundi na hawaachi kuja ila kuna mtu juu anawaona. Mimi amani ya Mungu naielewa hivyo. Madeni yanaendelea kupiga simu, ila moyo una mlinzi, haujaachwa uliwe.

Na tusisahau mwili jamani. Eliya alifika mahali akaomba afe, kakaa chini ya mretemu amechoka kabisa, na Mungu hakuanza kwa kumhubiria, alimwacha alale, malaika akamwamsha ale mkate na maji, akalala tena, akala tena, ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana kule Horebu. Ndo maana mtu akija kwangu hajala toka jana namtafutia kwanza uji. Usiku usingizi ukigoma, vuta pumzi taratibu ukisema moyoni "Bwana ndiye mchungaji wangu", itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta ukisema "sitapungukiwa na kitu", mapigo ya moyo yanashuka yenyewe.

Kitu kinachoniumiza ni watumishi wenzangu wanaomwambia mtu wa namna hii kwamba hana imani. Unamwongezea deni jingine! Na kama wiki zinapita mtu halali usingizi, hali chakula, au anaongelea kufa, apelekwe hospitali haraka na asiachwe peke yake, Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko hapahapa kwetu, tutaendelea kumwombea akiwa kwenye dawa.

Yule mama aliwafuata wadai mmoja mmoja na daftari lake, wawili wakakubali alipe kidogokidogo. Bado anadaiwa laki nne na kitu. Jumapili iliyopita nilimwona ibadani, simu ikatetemeka kwenye pochi, akaiwekea mkono juu, akaendelea kuimba.